Wiki ya Oili Chafu Endarasha

Nilirudi nyumbani Nyeri kumsaidia baba kwa wiki mbili. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi jengo moja la Nanyuki, akavunjika nyonga, na mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza shahada ya takwimu. Kulikuwa na nyumba tatu alizokuwa ameahidi watu. Nikasema nitazimaliza, kisha nitafute kazi.

Shida ni kwamba nilizimaliza vizuri. Mimi naweza kukosa usingizi kwa sababu ya bawaba. Nikimaliza kupaka chumba siwezi kuondoka huku kitasa kinakwama au bomba la jikoni linadondoka, kwa hiyo nikaanza kurekebisha vitu hivyo pia, na kurudi baada ya mvua ya kwanza kuangalia kama rangi imeshika. Wateja hawakujua kwamba ulikuwa wasiwasi tu. Waliona mtu mwenye bidii. Akina mama wa vyama vya kuweka akiba wakapokezana nambari yangu kutoka Nyeri hadi Timau, na kufikia mwaka wa tatu tulikuwa na pikapu, mafundi wawili wa kuajiriwa, na kazi za miezi mitano mbele. Watu walisema nina bahati. Wenzangu niliosoma nao walinipigia kuuliza kama ningeweza kuwapa kibarua. Ningemwambia nani kwamba kila kazi mpya niliyoahidi iliniongezea hofu?

Julai mwaka huu ikaja barua pepe. Kituo kimoja cha utafiti Kisumu kilikuwa kimenikubali kwa kazi ya kuchambua takwimu, kazi niliyoomba hata nikasahau kwamba niliiomba. Nilitakiwa kujibu kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sikumwambia mtu. Baba bado alitembea ameinama upande mmoja, na kila asubuhi nilimtazama akivuka ua nikijiuliza nani atapanda ngazi nikiondoka. Usiku nilitunga jibu la kukubali. Asubuhi nikatunga la kukataa.

Wiki hiyo ya mwisho tulikuwa na kazi Endarasha. Mama mmoja alikuwa akitarajia wageni wa ruracio Jumamosi, watu wa upande wa kijana waliokuwa wanaleta mahari ya binti yake, na hakuna mama wa kwetu anayekubali wakwe waikute nyumba imechakaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao za msaiprasi. Alitaka ipakwe rangi ya maziwa, madirisha ya kijani.

Jumatatu nilifika na mafundi wangu wawili. Baba alibaki nyumbani na mafua. Mara nilipokaribia ukuta nilisikia harufu. Mbao zilikuwa nyeusi kuliko nilivyoziona nilipokuja kupima, na zilinata kidogo kidoleni. Mume wa yule mama, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, alisimama karibu nami akiutazama ukuta kwa furaha.

"Nimewasaidia kazi," alisema. "Jumamosi iliyopita nilipaka oili chafu kila mahali. Mchwa hataonja hiyo nyumba tena."

Oili chafu ni ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kwetu kila mtu hupaka mbao zake kwa oili hiyo, na inafaa sana, mradi usitake kupaka rangi juu yake. Rangi haishiki. Nilijua hivyo. Lakini mkewe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na nilianza kufikiria. Nikimwambia, ataaibika mbele ya mke wake, siku tano kabla ya wakwe. Mke atamfokea. Nyumba itaingia ruracio ikiwa na ugomvi, na ugomvi huo nitakuwa nimeuleta mimi. Labda jua limeikausha. Labda mbao zimeinywa. Nilifikiri hivyo kwa muda mrefu hata mzee akaniuliza kama naumwa.

"Asante, mzee," nikasema. Tukapaka.

Jumatano baba alikuja. Ukungu ulikuwa haujatoka shambani, na mafundi walikuwa tayari wananiambia kwamba ni baridi ya Julai tu inayoichelewesha rangi kukauka. Baba aliugusa ukuta, akanusa kidole. Madoa ya kahawia yalikuwa yamejitokeza kwenye ile rangi ya maziwa kila mahali.

"Nani alipaka oili hapa?"

"Ni mimi," mzee akasema. "Si nilikuwa nawasaidia?"

Baba akacheka hata akashika kiuno. "Mzee, wewe ungekuwa fundi wangu ningekufuta kazi leo! Haya, washa moto. Maji ya moto mengi, na sabuni ya unga. Uliipaka wewe, utaitoa na sisi."

"Ati nitoe?" mzee akauliza.

Mkewe alikuwa ametoka jikoni. "Atatoa! Hata mimi nilimwambia aache, akaniambia wanawake hawajui mambo ya mbao. Na fundi mwenyewe ni msichana!"

Wakacheka wote watatu. Jambo nililolibeba kwa siku tatu likaisha hivyo, kabla chai haijapoa. Mzee akakunja mikono ya shati na kuanza kusugua.

Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo ya tapentaini niliposikia ngazi ikilia. Nikainua macho. Baba alikuwa juu kabisa, chini ya paa, anakwangua rangi.

"Baba, shuka!"

"Kwa nini?"

"Nyonga!"

"Nyonga ilipona, huku kuinama ni mazoea tu. Daktari aliniruhusu mwaka jana, kabla ya Krismasi."

Nilishika ngazi kwa mikono miwili. "Hukuniambia."

Aliendelea kukwangua kidogo. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama tangu nilipozaliwa, na alitumia neno hilo kwa upole sana. "Mama, niliona umeipenda hii kazi. Nikisema nimepona, utafikiri nakufukuza."

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu Kisumu. Nilimwambia nikiwa nimeelekeza uso ukutani.

"Wanataka jibu lini?"

"Ijumaa. Saa kumi."

"Ijumaa gani?"

"Hii."

"Na umesimama hapo na ndoo unangoja nini? Wajibu!"

Mtu mwingine angejibu papo hapo. Mimi nilisema nitajibu kesho, kwa maneno mazuri. Alhamisi tuliziba mbao zote kwa rangi ya fedha ili madoa yasitokee tena, tukapaka ile ya maziwa juu yake, na kichwani mwangu niliandika jibu mara nyingi. Nilikuwa huru kuondoka, na hilo lilinitisha kuliko nyonga. Nikakumbuka mama wa Timau niliyemwahidi Agosti. Nikakumbuka shule ndogo, na kanisa, na gata za kukinga maji ya mvua kwenye paa la mwalimu mmoja. Nilijiambia kwamba mtu mwaminifu humaliza alichoahidi kwanza.

Ijumaa saa tisa nilipanda hadi kwenye josho la ng'ombe, ambako simu hupata mtandao. Sikuandika kwamba nakubali. Niliandika aya mbili za heshima nikiomba waniwekee nafasi hadi mwisho wa Septemba. Nilizisoma tena na tena, nikabadilisha koma, nikatuma. Jibu lilikuja kabla sijashuka. Walinishukuru. Walisema kazi inaanza mwezi ujao, kwa hiyo nafasi itaenda kwa aliyenifuata, na wakanitakia kila la heri.

Nilikaa kwenye ukuta wa josho hadi baridi ikaingia mifupani.

Niliporudi baba alikuwa juu ya ngazi akimalizia ukingo wa paa. "Umewajibu?"

"Nimewajibu."

"Wamesema nini?"

Alikuwa amegeuka nusu, mkono mmoja umeshika gata, uso umejaa furaha. Nilitaka ashuke kwanza.

"Watanipigia," nikasema.

Aliposhuka, mama wa nyumba, aliyekuwa ametusikia kutoka mlangoni, alikuwa tayari anampa mkono wa hongera.

Jumamosi walitualika tule. Nyumba ilipendeza. Baada ya wazee kumaliza mazungumzo yao ndani, yule mama alinishika bega mbele ya wageni. "Huyu ndiye amepaka hii nyumba. Amesoma, na sasa ofisi kubwa huko Kisumu imemwita. Kwa hivyo kama uko na nyumba ya kupakwa, harakisha kabla hajaenda!"

Walipiga makofi. Wanawake saba walichukua nambari yangu kabla ya chai ya jioni.

Sasa ni mwisho wa Agosti na sijamwambia baba ukweli. Kila siku inayopita inahitaji maelezo zaidi ya siku iliyoitangulia, na mimi huyaandaa maelezo hayo kikamilifu, kisha nayaacha. Baba ndiye anayepanda ngazi. Anasema anajizoesha. Amejifunza kupiga picha za nyufa na kuwatumia wateja, jambo ambalo zamani aliliita upuuzi. Kila Jumatatu tukipakia pikapu ananiuliza.

"Hawajapiga?"

"Bado, baba."

"Watu wa ofisi," anasema, kama anayewatetea.

Wiki iliyopita, tukiwa Timau, nilimsikia akiongea na mteja kwenye simu. Alipomaliza alinijia akitabasamu.

"Wale wa Oktoba nimewaambia nitakuja peke yangu," alisema. "Usiwe na wasiwasi tena, mama."

"Vizuri, baba," nikamwambia. Kisha nikafungua kopo lingine la rangi.