Tone la Damu Kwenye Satini Nyeupe

Bilkisi alikuwa fundi cherehani aliyeshona huku akiota. Mashine yake ilikaa karibu na dirisha, katika nyumba ya matofali ukingoni mwa mtaa wa migodi wa Kasulo. Mchana, vumbi jekundu la barabarani lilipoingia kwenye mwanga, alilitazama likielea mpaka mguu wake ukasahau kukanyaga. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Mumewe, Shafii, alipeleka shaba mpakani kwa lori na kurudi baada ya wiki mbili, mara nyingine tatu.

Wateja walisema Bilkisi ameanza maringo, hasemi na watu. Haikuwa hivyo. Mwaka uliopita alikuwa akimpima mwanamke mmoja mabega, akimweleza habari za kola, akamwona anageuza uso na kubana pumzi. Bilkisi alielewa. Tangu siku hiyo alibana pini midomoni kila alipopima mtu, apate sababu ya kunyamaza. Alitafuna karafuu, akatafuna tangawizi. Kila alipotawadha alisukutua kinywa, akashangaa harufu inatoka wapi. Mswaki aliupitisha asubuhi tu, haraka haraka, na alipoona damu kwenye fizi akawa anaruka siku.

Ndipo akaja Yolande, mwalimu kijana aliyekaribia kuolewa, na mita sita za satini nyeupe. Alasiri moja, gauni likiwa karibu kwisha na joto limetulia juu ya bati, usingizi mwepesi ulimchukua Bilkisi palepale kitini. Akajiona anatembea ndani ya kitambaa kile kama ndani ya ukungu, kinywa kimejaa ubaridi wa maji, naye anaimba kwa sauti bila kumwogopa mtu. Alipoamka wimbo ulikuwa bado unamzunguka kichwani. Akavuta uzi, akaukata kwa meno kama alivyofanya maisha yake yote.

Jino lilitikisika. Tone la damu likaanguka kifuani mwa gauni.

Alikimbia na gauni uani, akalisugua kwa maji baridi na sabuni mpaka vidole vikafa ganzi. Doa lilififia, likabaki kama kivuli. Angeweza kushona ua juu yake na asimwambie mtu. Alikaa muda mrefu akilitazama, kisha akampigia Yolande simu aje.

"Robe yako imeshika damu," alimwambia, akimwonyesha gauni. "Imetoka mu kinywa yangu. Meno yangu inagonjwa, mwanangu, na mi nilikuwa naficha."

Yolande aliligusa doa, halafu akamshika mkono. "Na mi nilificha, mama. Siku ile ulinipima nilisikia harufu, nikakuwa na haya ya kukuambia. Twende kwa Tata Tharcisse. Ni yeye alitengeneza meno ya mama yangu."

Tharcisse alikuwa daktari wa meno mwenye sauti ya chini. Karibu saa nzima alikwangua ukoko mgumu uliojijenga kwenye meno, hadi chini ya fizi. Bilkisi aliviona vipande vya kahawia kwenye sahani ya chuma, akafumba macho.

"Burosho haiko na makosa, mama," daktari alisema, akiinua mswaki. "Damu inatoka sababu fizi iko mugonjwa. Ukiacha kusugua, inazidi. Sugua pole pole na burosho ya laini, asubui na tena mbele ya kulala, dakika mbili. Usisahau lulimi. Na katikati ya meno, upitishe uzi."

"Uzi? Mi niko fundi, tata, uzi iko mingi!"

"Apana ile ya kushona," akacheka. "Nitakupa ya meno. Ile ya kushona, uikate na makasi."

Jino lililotikisika halikuokoka. Liling'olewa wiki iliyofuata. Siku za kwanza fizi ziliendelea kutoka damu, na mara mbili aliutupa uzi wa meno kwa hasira, akaenda kuchukua mwingine. Chai ya sukari, ambayo alikuwa akiinywa kidogo kidogo kutwa nzima, aliihamishia wakati wa chakula. Asubuhi moja, kabla vumbi halijaamka, alitema povu kwenye beseni na kuliona jeupe tupu. Akasimama hapo uani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Yolande alipokuja kujaribu gauni, ua la lesi likiwa limekaa vizuri juu ya doa, Bilkisi alisimama mbele yake, akamrekebishia kiuno na kumweleza kila mshono, uso kwa uso. Yolande hakugeuka.

Siku tatu baadaye lori la Shafii lilirudi. Bilkisi alimwekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akakaa karibu naye, akaanza kusimulia: harusi, satini, daktari, jino.

Shafii aliacha kula. "Bilkisi, leo unasema sana."

"Bado sijamaliza," alijibu, akacheka, na pengo lake likaonekana lote.