Mama Kamba na Shamba la Kizamani

Wifi yangu ni bibi shamba, na watu wote humwita Mama Kamba. Hana gari la ofisi wala kipaza sauti. Ana kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo shimo moja la mahindi, na mdomo usiojua likizo. Mwanzoni tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana kumtania wifi ni haki yangu.

Msimu huu alipanda shamba darasa nyuma ya nyumba yetu. Nusu aliipanda kwa mistari ya kamba, na samadi kila shimo. Nusu nyingine aliirushia mbegu kizamani, akatuonya tusiiguse, ili mkuu wake akija aone tofauti kwa macho yake. Asingeiona, mradi wake wa kupanda kwa mistari ungepelekwa kwingine, na wifi angehamishwa nao. Nyumbani hakuna aliyetaka hata kulisikia hilo.

Mkuu akaja. Akatazama huku, akatazama kule. Pande zote mbili mahindi yamenenepa, majani mapana, kijani kibichi.

"Tofauti iko wapi?" mkuu akauliza.

Mama yangu akajikohoza. "Ni mimi, baba. Haya ya kizamani niliyapunguza, nikayapa na samadi. Huyu mkwe wangu anatuimbia kutwa nzima kwamba mahindi nayo yanakula. Sasa niyaangalie tu yakishinda njaa, na samadi imejaa zizini? Wageni mngetuonaje?"

"Mama jamani!" wifi akashika kichwa.

Mkuu akafuta jasho, akasema basi aonyeshwe shamba lolote lililopandwa kizamani, apate kulinganisha. Tukatoka. Kwa jirani, mistari. Kwa fundi baiskeli, mistari. Kwa yule mzee mbishi tunayemwita Sitaki, mistari iliyonyooka kuliko yetu! Jua likatuwakia, viatu vya mkuu vikageuka rangi kwa vumbi, na bado hatukupata.

"Hata kamba yangu sina," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Tangu mvua za kwanza inazunguka nyumba kwa nyumba, haijarudi."

Mkuu akasimama katikati ya njia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi shamba, wewe huendi popote."

Nilipiga kigelegele, nikamkumbatia wifi yangu kwa furaha, na siku hiyo nikakosa kabisa neno la kumtania. Mama hakukosa.

"Hilo la kizamani," akamwambia mkuu, "msimu ujao kalimeni hukohuko ofisini kwenu."