Boriti ya Kaboni na Nira ya Baba

Musoma, asubuhi. Safari hii ilitokana na simu. Bunda kuna kiwanda cha mafuta ya pamba, na humo kuna mkono wa mashine unaopanga maboksi, unakimbia huku na huku pamoja na boriti inayoubeba. Boriti hiyo ya chuma niliichomelea mimi, niliyeishia darasa la nne, na wenye vyeti walikuja kupiga nayo picha. Ila ilikuwa nzito, mota zikawa zinaungua. Meneja akaagiza boriti ya nyuzi za kaboni, ikashushwa karakana kwangu, akapiga: "Fundi, kaifunge. Ikigoma, kazi zote za hapa nawapa watu wa Mwanza."

Kazi hizo ndizo zinazolisha karakana yangu. Niliipakia ile boriti kwenye pikapu, yangu, siyo ya kukodi, lakini nimenuna. Kijiti cheusi kipindue chuma changu?

Butiama, kabla ya saa sita. Niliiacha barabara ya Bunda nikamsalimie dada yangu Wegesa, anayekaa kwenye mji wa marehemu baba. Akaichukua boriti kwa mkono mmoja.

"Siku hizi Musoma mnatengeneza fito?"

"Ni kaboni, dada. Siiamini."

"Huiamini kwa sababu hukuitengeneza wewe!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi macho yakaenda ukutani, kwenye nira ya baba. Nikaishusha. Nilikuwa nimesahau wepesi wake. Zamani mimi ndiye nilikuwaga mbele, nawaongoza maksai kwenye shamba la pamba. Wenzetu walikuwaga na nira nene za kujidai. Baba alichonga mti mwepesi, wakamcheka. Lakini mwisho wa tuta maksai wao wanahema kugeuka, wa kwetu wameshageuka zamani. Na pale mnyororo wa plau unapobana, baba aliviringisha ngozi ili mti usiumie. Ngozi bado ipo, imekauka, na alama za kisu chake zipo. Nikamuona kabisa, ameketi na kisu chake, anapiga mluzi.

"Nipe hii, dada."

"Haitoki hapa. Kafanye kazi kwanza."

Bunda, mchana. Kiwanda kiko upande wa Kabasa. Watu wananijua: nati nikiikaza, inalia. Siku hiyo nilikata vibati vipana, nikaweka kila mahali boliti inapobana, nikakaza taratibu.

"Mbona leo unakaza kivivu?" meneja akauliza.

"Leo nakaza kwa kumbukumbu, bosi. Washa."

Mkono ukakimbia, ukafika mwisho, ukageuka. Hapo ndipo chuma changu kilikuwaga kinapiga kishindo, jengo zima linasikia. Safari hii kimya. Tulisimama pale mpaka jioni, meneja akaweka kiganja kwenye mota, akakiacha hapohapo.

"Watu wa Mwanza wabaki kwao," akasema.

Kurudi. Pikapu ilikuwa imechuchumaa nyuma kwa uzito wa boriti yangu ya zamani. Butiama nilimkuta dada ameshaifunga nira kwa kanga, ameiegesha mlangoni.

"Nilijua tu," akasema.

Kuchomelea, mkoa mzima wa Mara bado hakuna wa kunifikia, hilo halijabadilika. Ila nimejifunza kwamba kitu cha kugeuka kila mara kinatakiwa kiwe chepesi, na unapokibana ukihurumie. Nira nimeitundika juu ya mlango wa karakana. Wateja wakiniuliza injinia gani alinifundisha, nawaonyesha pale juu. Nawaambia alikuwaga analima pamba Butiama.