Viti vya Rangi ya Maziwa

Mgeni alikuja Mtambile na daftari la jalada gumu, kalamu mbili, na tochi ndogo ya kuchungulia chini ya gari. Alikuwa mzee wa Kitaliani aliyestaafu, na kazi yake siku hizi ni kuzunguka dunia akiandika historia ya magari ya aina moja tu. Moja ya aina hiyo ilikuwa imelala miaka yote katika banda la marehemu baba yetu. Kaka yangu, ambaye ndiye anayekaa nyumba ya wazee wetu, alinipigia simu Chake Chake nije kutafsiri, maana nimesomesha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, na yeye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Alitaka mgeni aipende gari, aiandike vizuri, na Mungu akijaalia aichukue. Nilikwenda. Lakini sikwenda kwa ajili ya gari. Nilijua mama atatajwa tu, na nilitaka niwepo atakapotajwa.

Haki yake nimpe: yule mzee aliijua kazi yake. Kabla hajaigusa gari aliizunguka mara tatu, mikono nyuma, midomo inamchezacheza. Kisha akatuhadithia. Bodi ile, alisema, haikutoka kwenye mashine. Mafundi waliifua kwa nyundo juu ya kiunzi cha mbao, bati kwa bati, na hakuna gari mbili zilizofanana sawasawa. Wenyewe huziita gran turismo, gari za safari ndefu na raha. Injini mbele, milango miwili, nyuma pa kuweka masanduku. Tajiri aliondoka asubuhi mji wa kaskazini, akavuka milima, na jioni akala chakula chake pwani ya Ufaransa bila mgongo kumuuma.

"Zilitengenezwa ili mke naye asichoke njiani," aliongeza huku akitabasamu.

Nilitafsiri neno kwa neno. Kaka akatikisa kichwa kwa fahari.

Gari ya kuvukia milima, ikaletwa Pemba! Kutoka Mkoani mpaka Konde ingekimaliza kisiwa kizima kabla injini haijapata moto. Babu, Mwarabu wa mashamba, aliinunua Mombasa kwa Mtaliani aliyekuwa akirudi kwao, mwaka ambao karafuu zilikuwa na bei. Yalipokuja Mapinduzi mashamba yakagawiwa watu eka tatu tatu, na babu akaifukia gari kwa makuti na magunia bandani, akafa ikiwa bado imefichwa. Baba akarithi mikarafuu kidogo iliyobaki, na hiyo gari. Mambo yalipotulia akaanza kuitoa Iddi kubwa na Iddi ndogo, na kwenye harusi. Maharusi wengi wa hapa kwetu walikalia viti vile vya ngozi vya rangi ya maziwa. Lakini kwanza baba alitandika shuka, kisha akaikagua mikono ya bibi harusi kuona kama hina imekauka. Watu walicheka, wakasema gari anaipenda kuliko mke. Walidhani wanatania.

Yote haya kaka aliyasimulia kwa madaha, na mgeni aliandika. Kisha mgeni akafungua mlango.

Ngozi ya viti ilikuwa nyeusi, imekunjamana na kupasuka. Mbao za mbele, palipo na usukani, zilikuwa zimefura na kuachana. Harufu iliyotoka humo, chachu na ukali pamoja, haikuwa ya uzee tu. Mgeni alirudi hatua moja, akaweka mkono kifuani. Nje gari ilikuwa nzima, alisema, kumbe ndani imeuawa. Nani amefanya hivi?

"Mwambiye ni mamaetu," kaka akasema, wala hakunitazama. "Alitia karafuu mbichi humu ndani. Mwambiye hakujuwa. Ntu wa shamba, hajasoma. Mwambiye alikosea tu, maskini."

Kalamu ikasubiri. Mama alifariki mwaka jana, hana picha hata moja, wala pahali jina lake lilipoandikwa ila kwenye cheti cha kifo. Kitu cha pekee kitakachobaki juu yake katika kitabu chochote duniani kilikuwa kiko ulimini mwangu: kwamba alikuwa mjinga.

Nilikuwa na miaka tisa. Mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, mama ana mimba ya miezi minane, na asubuhi moja akaanza kutoka damu. Mkunga aliangalia mara moja tu akasema huyu apelekwe Mkoani, hospitali, sasa hivi. Gari ilikuwa bandani, ina mafuta, kwa sababu Iddi ilikuwa imepita juzi tu. Baba alisimama mlangoni mwa banda na ufunguo mkononi. Nilimwona. Alimtazama mama, akaitazama kanga aliyojifunga, akasema damu haitoki kwenye ngozi ya viti. Akaenda kwa jirani kuazima gari la ng'ombe.

Njia yote mvua ilitupiga. Nilimshikia mama mwavuli uliovunjika mbavu, naye hakulia, alikuwa akihesabu pumzi. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika, msichana, akapumua kidogo kisha akaacha. Mama alipona, kama kupona ni kutembea na kupika. Hakuzaa tena.

Alipomaliza arubaini yake, karafuu zilikuwa zinachumwa. Baba akasafiri kwenda Unguja msibani, akakawia. Mama akazichambua karafuu za magunia mawili, akaondoa makonyo yote, safi. Kisha badala ya kuzianika juani juu ya majamvi, akazibeba mbichi, zikiwa na maji yake, akazimwaga juu ya vile viti. Akapandisha vioo. Akafunga milango. Mimi nilibeba pakacha la mwisho.

Sasa nisikilizwe vizuri. Mtoto wa Pemba wa miaka mitano anajua kwamba karafuu mbichi ukizirundika pahali pasipopata hewa zinapata moto zenyewe, zinachacha, zinatoa mafuta, zinakuwa mpeta, yaani karafuu mbovu, na chochote kilicho chini yake kinaharibika. Mama ndiye aliyenifundisha hilo. Nilimwambia, "Mama, zitachacha." Akanijibu, "Nyamaza, mwanangu." Baba aliporudi na kufungua mlango, mama alisema, "Nimekosea, niliogopa mvua." Baba aliamini. Wanaume huamini upesi kwamba mwanamke hana akili. Akakaa chini kwenye tope akalia kwa sauti, majirani wakaja kumpa pole. Siku ya mtoto hakulia.

Maisha yake yote mama alibeba jina la mwanamke aliyeharibu gari kwa ujinga. Alichekwa visimani, akachekwa shughulini, naye alitabasamu na kuendelea kukuna nazi. Nilimchukia baba kwa hilo, na mpaka leo sijaacha. Najua marehemu husemwa kwa kheri. Basi na mama naye ni marehemu.

"She knew," nikamwambia mgeni. Alijua. Nikamweleza yote, damu, ng'ombe, mtoto, magunia mawili. Mzee akavua miwani. Akauliza kama ana ruhusa ya kuandika, nikamwambia ndicho kilichonileta.

Kaka aliona kalamu inavyokwenda mbio akashtuka. "Weye, umemwambiya nini?"

"Nimemwambia mama alijua."

Uso ukamsawijika. Alikuwa na miaka kumi na sita siku ile. Yeye ndiye aliyeswaga ng'ombe. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba nimewaaibisha wazee wetu mbele ya ntu baki, na kwamba gari haitachukuliwa tena. "Mwambiye yuno mzee afute. Mwambiye umekosea kutafsiri."

"Mie sikukosea," nikamwambia. "Wala mamaetu hakukosea. Na weye wajuwa."

Akaniachia mkono. Hakusema kuwa hajui.