Milango ya Njano ya Kikula

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Chef d'équipe, kiongozi wa wapaka rangi wa kampuni, alinipa msasa na kunionyesha mlango wa nyumba moja ya wafanyakazi hapa Likasi, mji wa machimbo wa Kongo. Nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Akaja, akapitisha kiganja juu ya mbao, akaguna.

"Weye unafikiri rangi itaficha makosa? Sugua tena."

Wakati ule nyumba zote zilipakwa krimu juu na kijivu chini. Baadaye conducteur, mkubwa wa kazi za ujenzi, alinituma Mwadingusha kupaka nyumba za wafanyakazi wa bwawa la umeme. Huko niliamka na wasiwasi kila asubuhi. Unyevu uliingia ukutani, na rangi ya mafuta ikavimba malengelenge kama ngozi iliyoungua. Conducteur alibandua ganda kwa ukucha akaniuliza, "Ukuta iko na mayi, na weye unaifunga?" Ndipo nikajifunza kungoja ukuta ukauke, na kutanguliza chokaa, ambayo inauacha upumue.

Kazi ya kampuni ilipokwisha, nilianza yangu Kikula, mtaa wa hapa Likasi. Kule watu wanajijengea, na krimu hawaitaki. Wanataka waridi na kijani, buluu na chungwa. Wengi niliwafundisha kupaka wenyewe: namna ya kuchanganya unga wa rangi na chokaa, namna ya kubandika utepe wa karatasi ili mstari usipinde.

Siku moja akaja Mama Ngalula, ameshika kichwa. Binti yake Beya, fundi cherehani, alikuwa anapoteza macho, na juzi alikuwa ameparamia mbabula, jiko la makaa lililokuwa na mafuta yanayochemka.

"Papa Mukendi, docteur anasema rangi za nguvu njo ataona kidogo. Nilishanunua nyekundu na kijani. Fanya mbio!"

Miaka yote nilipokosea, ukuta ulipakwa upya. Safari hii nikikosea, mtu angeungua.

Nilipaka vipande vya mbao, kila kimoja rangi yake na mstari wa rangi nyingine katikati, nikavisimamisha mwisho wa uwanja. Nikamwomba Beya aseme anachoona. Mbele ya kijani chenye mstari mwekundu alikunja uso.

"Naona mbao moja tu, nyeusi-nyeusi."

Mama yake alijiziba mdomo. Lakini kwenye buluu nzito yenye mstari wa njano, Beya alinyoosha kidole palepale. Rangi mbili zinaweza kuwa kali zote na bado zikawa na giza sawasawa. Jicho gonjwa linatafuta giza kando ya mwanga.

Baba yake, Papa Ilunga, mchimbaji na shemasi, alirudi kutoka machimboni akakuta tunakoroga rangi.

"Nyumba yangu itafanana bar! Bantu ba kanisa batasema nini?"

"Baseme," alijibu Mama Ngalula. "Mutoto akiungua, ni bao batamuuguza?"

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Papa Ilunga anasugua fremu za milango mwenyewe.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kuta zilikauka polepole, nasi tulizunguka tukizigusa, tukinuniana kwa sababu ya kungoja. Hatimaye kuta zikawa buluu, fremu njano, ukingo wa ngazi njano, na mstari wa njano sakafuni mbele ya jiko.

Mama Ngalula alitaka kumshika binti yake mkono.

"Niache, mama."

Beya alitembea. Karibu na jiko mguu wake ulibaki hewani, mbele ya mstari wa njano.

"Hapa njo mbabula?"

"Ndiyo, njo hapa," alijibu mama yake.

Aligeuka, akapita mlangoni hadi uwanjani bila kugusa ukuta. Papa Ilunga aliangalia pembeni, akajifuta uso.

Ningependa kusema wasiwasi uliishia pale. Kila nilipopita kuwasalimu nilimuuliza Beya juu ya ile njano. Akasema imekuwa kama moshi. Halafu akasema haioni tena. Bahati miguu yake ilikuwa imekwisha kuijua nyumba.

Sasa nimestaafu na mikono inatetemeka. Ninyi vijana mnaojifunza kazi hii mnaniuliza rangi gani zinaendana. Swali hilo bado linanitia hofu, na mimi nawauliza kwanza: nani anakaa ndani?

Msimu huu wa mvua Beya aliniita. Nilikuta fremu zimepauka, naye anataka njano tena. Nilishindwa kuuliza vizuri.

"Beya, binti yangu, lakini weye..."

"Haiko ya macho yangu, papa." Alishusha sauti. "Mama anagongana na milango. Anaficha, lakini minye nasikia."

Nilibandika utepe pande zote mbili za fremu. Beya alifuata kingo zake kwa kidole, akachovya brashi, akaanza. Nilisimama nyuma yake, nikiogopea kila tone. Mama Ngalula akatokea jikoni, akauliza kwa nini tunapaka upya.

"Ilichakaa, mama," alisema Beya, na mkono wake haukusimama.