Mapatano ya Ugomvi Usiokuwepo

Kathure wa Githongo alikuwa mtu wa mzaha, nyinyi mliochuma kahawa naye mnamjua. Lakini mwaka wa tisini na saba vidole vyake vilivimba kwenye viungo, na mzaha ukamkauka. Akawa analala mchana, uso ukutani. Hata mwanawe Kiunga akimwita pale mlangoni, haitiki.

Mumewe, Mbaabu, alimpeleka Embu kwa daktari wa viungo, aliyekuja huko Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi. Daktari akawaeleza polepole. Kinga ya mwili, ile inayopigana na magonjwa, ilikuwa imekosea adui, ikashambulia viungo vyake. Kemikali zinazoleta uvimbe huo husafiri na damu, na habari zake hufika hadi ubongoni. Huko, wataalamu walikuwa wameanza kushuku, huenda zinapunguza protini zinazolisha neva na kuzikuza, na mtu akazama katika huzuni asiyojua chanzo chake.

"Bado tunachunguza," akasema. "Lakini huyu si mvivu. Mrudishe mwezi ujao tuone dawa inavyofanya. Msikose."

Njiani Kathure alilia kidogo. Kumbe hakuwa amejiletea.

Mbaabu alipomweleza mama yake, Cicily, mama alicheka. "Vidole ndivyo vimevimba, halafu kichwa ndicho kinaugua?"

Sasa, kwetu jiko la mke lisipotoa moshi, watu hawaulizi kama anaumwa. Husema amegoma, mumewe amemkosea. Basi Jumatano, siku moja kabla ya kliniki, akina mama wa kanisa wakaja kupatanisha. Kiongozi wao, Gladwell, akamkalisha Mbaabu kwenye kigoda.

"Baba Kiunga, omba msamaha."

"Wa nini?"

"Mnaona? Hata hajui." Wakacheka. Akaomba.

Kathure alijaribu. "Hajanikosea. Ni ugonjwa, daktari alisema..."

"Mama Kiunga, usimfunike," Gladwell akasema. "Sisi sote tumeolewa."

Kathure alitaka kueleza mambo ya damu na ubongo, lakini kila neno lilikuwa zito kama gunia lililonyeshewa. Akasema amesamehe, ili watoke.

Hapo Cicily akatoa agizo: mke aliyesamehe hasafiri kesho yake. Hupika, na wapatanishi hurudi kula. Mbaabu alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

Alhamisi Kathure alimenya viazi kwa vidole visivyokunjika. Wageni walikula, wakasifu, wakaomba, wakaenda. Gari la Embu lilikuwa limepita zamani.

"Tutaenda mwezi ujao," Mbaabu akasema.

"Na mama?"

"Nitamwambia ni ugonjwa."

"Ulishamwambia. Sasa mwambie umenipiga. Mke aliyepigwa hupelekwa hospitali, na hakuna anayeuliza."

"Wazee watanitoza faini ya mbuzi."

"Toa," Kathure akasema, akirudi kulala. "Wakati wanamchinja, sisi tutakuwa Embu."