Kiherehere changu na yadi tatu za Andre

Wakuu, za mchana. Na nyie mnaosomaga kimyakimya bila kuacha hata nukta, nawasalimu pia.

Hiki ninachoandika kimenitokea mwenyewe. Chumvi naweka kwenye mboga tu, humu siweki.

Mie ni mwanamke, naishi Tegeta, nafundisha wageni Kiswahili. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua watathibitisha. Ndio ulioniponza.

Nilikuwa na mwanafunzi Mmarekani, tumwite Tobi, anafundisha shule moja huku Boko. Mpole mpaka unamhurumia. Mdogo wake, Andre, alikuwa anacheza mpira wa Kimarekani kule kwao, ule wa kuvaa helmeti na mpira wenyewe kama yai. Ndiyo kazi yake, analipwa.

Nieleze kidogo, maana hata mie nilikuwa sijui kitu.

Andre alikuwa anapewa mpira akimbie nao, huku majitu yanataka kumwangusha. Umbali anaosogea mbele wanaupima kwa yadi. Yadi moja ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Halafu wanajumlisha yadi zake zote tangu siku ya kwanza ya kazi. Ukifikisha elfu kumi, wewe ni mtu na nusu, maana wengi wanavunjika kabla.

Andre alikuwa anaikaribia. Tobi akawa anatafuta zawadi ya siku hiyo. Nikamwambia umefika, baba yangu mdogo ni Mmakonde wa Newala, anachonga vinyago kwake Chamazi tangu mie sijazaliwa.

Baba mdogo akapata gogo zuri la mpingo. Akachonga mtu anakimbia, kakumbatia mpira kifuani, goti la mbele limenyanyuka. Jamani, yule mzee ana mkono! Chini akaacha kitako kitupu, mahali pa namba.

Namba yenyewe akagoma kuichonga mapema. "Mwanangu, usikate mbeleko mtoto hajazaliwa," akaniambia.

Sasa sikilizeni kiherehere.

Asubuhi moja nachemsha chai, nafungua simu, nakuta klipu ya Tobi. Andre kapita! Kapita elfu kumi na kuzidisha yadi mbili juu. Mchezo umesimamishwa, uwanja mzima unapiga makofi, anakabidhiwa mpira akampe mama yake. Nililia. Sijui hata sheria moja ya mchezo ule, ila nililia mpaka chai ikafurika.

Nikampigia baba mdogo hapohapo. "Imefika! Chonga!"

Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu kwa ukali kabisa kwamba nimeona kwa macho yangu.

Saa sita mchana akanitumia picha kwa simu ya jirani. 10,000, imejitokeza juu ya mti, imepigwa msasa na rangi ya viatu, inang'aa.

Saa tisa Tobi akaja kwenye kipindi, macho mekundu.

Kumbe baada ya zile sherehe mchezo uliendelea. Andre akapewa mpira tena. Wakamdaka kabla hajasogea, wakamsukuma nyuma yadi tano, na goti likakatika hapohapo. Na kule, wakuu, ukirudishwa nyuma wanakupunguzia! Kwetu goli likishahesabiwa limehesabiwa, hakuna mtu anakuja kukunyang'anya kipindi cha pili. Kule wanatoa.

Akabaki na 9,997.

Nikamwambia Tobi zimebaki tatu tu, atapona, atazimaliza. Miezi ikapita, madaktari wakasema goti hilo la kutembelea tu, uwanjani basi. Andre akaacha mpira, akaacha na kuongea na watu. Mama yake akawa anamwekea chakula mlangoni.

Na mie muda wote huo nina kinyago cha uongo Chamazi.

Siku moja Tobi ananiambia Andre anakuja Dar kupumzika. Akaniuliza, "Mwalimu, namba bado haijawekwa, sivyo? Nitampa hivyohivyo bila namba."

Nikasema, "Bado."

Dah. Neno moja tu, na nililitamka kama maji.

Kesho yake nikaenda Chamazi mbio. "Baba mdogo, shikamoo, nakuomba uifute hiyo namba." Akaitikia salamu, akaendelea kunoa tezo ya kuchongea. Akasema kinyago kina mwenyewe, na mwenyewe hajakiona. Yeye hawezi kubadilisha kitu cha mtu nyuma ya mgongo wake. Nilimbembeleza, nilinuna, nilimwambia anataka kuniaibisha. Akaniambia aibu nimekuja nayo mwenyewe kutoka Tegeta.

Jumamosi wakaja. Andre mrefu, mpana, anatembelea gongo moja. Tobi alimfundisha shikamoo, akaitoa vizuri tu kwa sauti ya chini. "Marahaba, baba. Karibu," baba mdogo akamjibu, akamtolea kigoda.

Kinyago kilikuwa kimefunikwa gunia. Nilitamani liwe gunia langu nijifunike mie.

Baba mdogo akalitoa.

Andre akaangalia miguu ya yule mtu, akaangalia goti, kisha akashuka mpaka kwenye namba. Halafu akasema kwa Kiingereza kwamba hiki si chake, ni cha mtu mwingine.

Tobi akanigeukia. "Mwalimu, ulisema bado."

Nikasema yote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwamba ni mie niliyempigia mzee simu, kwamba nilidanganya, kwamba naomba radhi. Nilikuwa nalia makamasi yananitoka, mtu mzima mzima.

Tobi akainama. "Na mimi ndiye niliyetuma klipu," akasema.

Baba mdogo akaniamuru nifute pua nitafsiri. Alitaka kujua hizo tatu zilizopungua ni umbali gani. Andre akanyoosha gongo, kutoka kizingitini mpaka kwenye ndoo ya maji pale karoni.

"Hapo?"

"Hapo."

Mzee akautembea umbali huo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaifikia ndoo. Akasimama pale akimtazama yule kijana, na nikaona macho yake yamelainika.

"Pole sana, baba," akasema. "Hapa ni karibu mno. Ingekuwa mbali ingeuma kidogo."

Tafsiri ile ilinishinda katikati, Tobi akaimalizia. Andre akaweka viganja usoni, mabega yakatikisika. Tobi alisema tangu aumie hakuwa amelia.

Mzee akamwacha alie. Kisha akamwambia hivi: "Mie nachonga mwaka wa arobaini sasa. Sijawahi kuongeza mti hata siku moja. Kazi yangu yote ni kupunguza, na ukiangalia hapo bado mtu anakimbia."

Andre akafuta uso. Akauliza kama inawezekana kuweka ile ya kweli.

Baba mdogo akampa patasi na nyundo ya mti, akaishika mikono yake kwa nyuma kama anamfundisha mtoto kuandika. Wakaanza kuiondoa ile elfu kumi, kipande kwa kipande. Patasi ikateleza, mzee akamsonya, Andre akacheka. Tobi akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Jioni ilikuwa imeshasomeka 9,997. Kitako kikawa chembamba kidogo, ila kinasimama.

Wakati wa kuondoka Andre akachuchumaa kwa shida na goti lake lile, akaokota vipande vyote vyeusi vilivyokuwa chini. Nikadhani anatusaidia kusafisha. Akavifunga kwenye leso, akatia mfukoni.

Wiki iliyopita Tobi kanionyesha picha kutoka kwao. Kinyago kipo sebuleni kwa mama yao, na pembeni kuna kichupa cha kioo chenye vile vipande. Mgeni akiuliza, Andre anaenda mwenyewe kukichukua, anamwekea mkononi, anamwambia hizi ndizo tatu zangu.

Nilichojifunza, wakuu? Nimejifunza kungoja mchezo uishe kabla sijapiga simu. Na nikikosea, niseme siku hiyohiyo, maana lile "bado" langu lilinitesa kuliko kosa lenyewe.

Ila la Andre ndilo limenikaa. Naamini humu wapo waliorudishwa nyuma dakika ya mwisho, mtihani, ndoa, kazi, mtu akaishia pale karoni. Kama una zako tatu, ziweke hapa chini tuzione. Leo sicheki na mtu.